Shingo Yangu na Chama cha Daktari

Jumamosi, Ole. Mvua ya vuli leo inakuja na kuondoka kama mtu aliyesahau kitu ndani. Kila nikiwepo nyumbani naingiza karafuu, natoa, naingiza tena. Majamvi yamelowa, kichwa kinauma, na sina hamu ya kusemeshwa na mtu. Ndiyo maana naandika hapa, ambapo hakuna wa kunijibu.

Nimechoshwa na shingo yangu.

Si kwamba inauma. Ingekuwa inauma ningejua la kufanya. Mwezi uliopita nilikwenda hospitali moja mjini Chake Chake kwa sababu ya mafindofindo, daktari akaniminya shingo, akanituma kwenye ultrasaundi. Nikatoka na karatasi inayosema kuna kivimbe kwenye tezi ya shingo, upande wa kulia, milimita nane. Karafuu moja kavu ni ndefu kuliko hicho. Niliipima kwa rula ya shule ili nihakikishe. Daktari akanieleza bila haraka kwamba damu yangu iko sawa, kivimbe ni kidogo na hakina dalili ya ubaya, na kwa ukubwa ule hawachomi hata sindano ya kupima. Nirudi baada ya mwaka kitazamwe tena.

"Nenda kafundishe watoto, Mwalimu," akaniambia.

Mtu mwenye akili zake angesema alhamdulillahi akaenda zake. Mimi nikaenda kumwambia Mama.

Mama hakuuliza kivimbe chenyewe ni kikubwa kiasi gani. Aliuliza daktari gani. Nilipomtajia, aliacha kukuna nazi.

"Yule mtoto wa dukani? Wa kule?"

Wa kule, kwa asiyejua ya kwetu, maana yake ni wa chama kile kingine. Baba yake ana duka hapo njia panda, tunaliona tukikaa barazani. Miaka ile vyama vilipotugawa tulilisusia, na Mama akawa anafuata sukari hadi Chake huku ile ya jirani anaitazama kwa macho. Wao nao hawakukanyaga kwetu alipokufa Baba. Tulikuwa hatuzikani. Sasa vyama vimeingia serikali moja, wakubwa wanapigwa picha wakicheka, na sisi huku tumefikia kusalimiana kwa kichwa, mdomo haujafunguka bado.

"Kakwambia ungoje mwaka?" Mama akasema. "Angoje yeye! Ntu ana kitu shingoni ati angoje. Yuno ataka wende zako taratibu, asionekane kakuua."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tangu siku ile shingo si yangu tena. Kaka yangu aliyeko Maskati alipigiwa simu, na bila hata kuuliza jina la ugonjwa akaamua niende huko kikaondolewe, tiketi juu yake. Kikaondolewe! Kama mwiba wa mguuni. Nikamweleza kwamba pale kwenye tezi pana mshipa wa sauti jirani, ukiguswa vibaya sauti inakwenda, na mimi nala kwa sauti. Darasa langu lilivyojaa halifundishwi kwa kunong'ona. Akasema nina ubishi tangu mdogo. Jirani akaleta mafuta ya habasoda. Mwengine akaleta maji ya kisomo, nikayanywa, maana hayo hayakataliwi, na pia nilikuwa na kiu.

Kila aliyeingia akataka kunigusa. Nikawa nakaa sebuleni nimeinua kidevu kama mbuzi wa kuuzwa.

Niseme kweli, maana hapa simfichi mtu. Naogopa. Nikiwa peke yangu mkono unakwenda shingoni wenyewe, unakitafuta. Nikikikosa nahisi kimejificha, nikikipata nahisi kimekua. Darasani yupo mtoto ananiigiza, anajishika koo huku akiandika hewani kwa chaki. Daktari alisema ngoja kana kwamba ananipa likizo. Hajui kungoja kulivyo kazi. Mara nyingine nasema bora kikatwe, nipoteze sauti, nipate usingizi.

Na kuna jengine baya zaidi. Maneno ya Mama yalinikaa. Mimi niliyesoma, ninayewafundisha watoto wa pande zote mbili, nilijikuta najiuliza kama yule kijana angemwambia dada yake ngoja vile vile.

Basi nikakubali. Mama alitaka twende kwa daktari wetu, mwenye zahanati Wete, mtoto wa rafiki wa marehemu Baba. Kwao bendera ya chama chetu ilipepea hata wakati ambao kuipeperusha kulikuwa kujitafutia kipigo. Huyo hawezi kutudanganya, alisema Mama. Nikamwambia sawa, lakini akitamka huyo ndiyo basi, simu za Maskati ziishe. Akasema wallahi zitaisha. Leo asubuhi akavaa buibui lake la harusini akatangulia njiani, mimi nyuma, mgonjwa.

Daktari wetu alinipima upya. Alisukuma kile kifaa chake shingoni mwangu huku na huku, akasoma karatasi ya mwenzake, akavua miwani.

"Milimita nane ile ile," akasema. "Mwenzangu kafanya sawasawa, sina la kuongeza. Rudi baada ya mwaka, upime tena."

Ningeweza kumbusu mkono. Lakini Mama alikuwa hajamaliza.

"Na kikiwa kikubwa je?" akauliza.

"Cha huyu si kikubwa, Bi."

"Nauliza tu. Kikiwa kikubwa. Ntu kakaa nacho miaka, kilikuwa laini, halafu kikawa kigumu."

"Huyo asingoje. Kikiwa kigumu, au sauti ikaanza kukwaruza, au kumeza kukawa tabu, huyo aje hata leo. Atachomwa sindano, tujue ni kitu gani."

Nilimfinya Mama kiwiko. Nilijua anachofanya, au nilidhani najua: anamzungusha daktari wa watu mpaka apate neno la kwenda kulipeleka Maskati. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Daktari akanigeukia mimi akauliza kama nyumbani yupo mwengine mwenye matatizo ya tezi. Nikasema hakuna. Mama alikuwa anaitazama feni.

Nje nikamuuliza, haya, umeridhika?

"Si washaungana hao?" akasema. "Serikali moja, maneno mamoja."

Nikatangulia mimi njiani, yeye nyuma.

Tulipofika nyumbani mvua ilikuwa inaanza tena na karafuu ziko nje. Tukakimbia kuzikusanya, mimi upande huu wa jamvi, yeye upande ule, na pale pale nikalipuka. Nilisema maneno ambayo binti hamwambii mama yake. Nilimwambia amenigeuza kichekesho cha Ole nzima. Nilimwambia ameambiwa na wa kule, ameambiwa na wa kwetu, sasa anataka nani aje kusema, jini? Nikamuuliza kama anataka niwe na kansa ndiyo moyo wake utulie.

Mama alikaa kitako palepale barazani. Mwaka huu anajitanda kanga hadi kidevuni hata akiwa jikoni kwenye moto, na mimi nilidhani ni uchaji wa uzee. Akaifungua. Akanishika mkono akauweka kwenye shingo yake.

Ni kikubwa kama yai la kuku. Na ni kigumu.

Niliendelea kukishika kama mjinga, karafuu zinalowa, hakuna anayezitazama.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi. Kilikuwa hakinisumbui, laini, nikakiacha. Mwaka huno ndo kimebadilika."

Sauti yake imekwaruza tangu mwezi wa Ramadhani. Nilimwambia ni moshi wa kuni. Nilimnunulia hata dawa ya kikohozi, na akainywa mpaka ikaisha, mwanamke huyu, bila kusema neno.

Kwa hiyo ndiyo hayo. Mwezi mzima Mama alikuwa anaiulizia shingo yake kupitia yangu. Kila nilipoambiwa ngoja, aliyesikia alikuwa yeye, na yeye alishangoja miaka na anajua alipofika. Halafu leo akapata jibu lake, mbele yangu, na mimi namfinya kiwiko.

Nimemkasirikia. Ningekuwa na uwezo ningemchapa, kisha ningemkumbatia, kisha ningemchapa tena. Kivimbe changu kisichofika urefu wa karafuu kimepigiwa simu ng'ambo, kimepakwa mafuta, kimesomewa. Cha Mama kimekaa chini ya kanga hakijaombewa hata dua, kwa sababu yeye hakutaka watu waje kumkodolea macho.

Nikapangusa uso, nikamwambia basi, Jumatatu asubuhi tunarudi Wete kwa daktari wetu.

"Siendi."

"Mama!"

"Siendi kwa yule. Mkewe tuko naye kwenye kisomo cha wanawake. Haifiki Ijumaa, washajua wote, waja kunililia ningali hai."

"Sasa uende wapi?"

Akajifunga kanga yake upya, polepole, akaikaza shingoni.

"Nipeleke kwa yule wa kule."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamkumbusha kwamba wiki zote hizi amekuwa akisema kijana yule anataka kuniua.

"Hilo lako," akasema. "Mie nataka ntu wa kunyamaza. Yeye atamwambia nani? Watu wetu hawasemezani naye."

Miaka yote ya kususiana, sukari ya Chake, misiba tusiyohudhuriana, na faida pekee iliyopatikana ndiyo hii: Mama kapata daktari wa kumtunzia siri. Ningecheka kama si kile kitu ambacho bado nakihisi kwenye vidole.

Alasiri, mvua ilipokatika, nilikwenda dukani njia panda. Sikumbuki mara ya mwisho niliingia lini. Yule mzee alinitazama, akatazama nyuma yangu kama kuna mwengine anakuja, akanikaribisha. Nikamuuliza mwanawe yuko zamu siku gani. Akasema Jumatatu yupo, asubuhi mpaka adhuhuri. Hakuuliza kwa nini. Nilinunua kibiriti nisichokihitaji nikarudi nyumbani.

Kwa hiyo yangu nimeshaamua, tena bila mkutano. Nangoja mwaka, napima tena, na Maskati nimeshawatumia ujumbe kwamba siendi. Jumatatu nitampeleka Mama, nitamwambia daktari kwamba nyumbani yupo mwengine mwenye matatizo ya tezi, na nitakaa pale akichomwa hiyo sindano hata akinifukuza.

Mwezi mzima nimelalamika kwamba nimeambiwa ningoje, kana kwamba nimeonewa. Sasa sina dua nyengine. Ya Rabbi, naye Mama aambiwe arudi baada ya mwaka.