Mutoto Mwenye Kushituka na Tansiyo ya Mama Yake

Mudzipela, Bunia
Tarehe 14, mwezi wa kumi 2024

Mupendwa mujukuu yangu Elodie,

Jambo sana, mama. Mulilala muzuri huko Kisangani? Bwana yako Serge iko na nguvu? Na tumbo yako, mutoto anacheza ndani? Siye hapa tunapumua, Mungu asifiwe, lakini roho yangu haikae. Priscille wa kanisa ndiye anaandika, miye nasema. Nimemukataza kutengeneza maneno yangu.

Telefone yenu haiingie juma nzima. Mara ya mwisho Serge alitupigia akicheka: eti viatu vyako havikuingie tena, unatembea na sandali zake. Nilicheka na miye. Kisha nikaweka telefone chini, nikaacha kucheka.

Kile kicheko nilishacheka mara moja, Elodie. Dada yako Emerance, mimba ikiwa ya miezi munane, miguu ilivimba, uso ikavimba. Nikamutembeza mbele ya majirani: “Muone maziwa ya ng’ombe yangu inafanya nini!” Kichwa ikamuuma, macho ikaona vimulimuli. Nikasema ni nywele, wamemusuka kwa nguvu. Nikamukalisha katikati ya magoti yangu, nikafumua siku mbili. Siku mbili, mama, nashika nywele, na tansiyo, ile presha ya damu, inapanda. Siku ya tatu akaanguka jikoni, mwili yote inatetemeka, povu kinywani. Walimufikisha hospitali, wakamupasua. Alipona. Miye bado.

Plamedi, mutoto wake, alitoka mudogo, urefu wa mukono yangu. Sasa iko na miezi miwili. Ukifunika sufuria tu, anatupa mikono juu, analia mpaka sauti inakauka. Majirani walisema ameona kitu. Nikamuuliza munganga Marcellin wa hospitali wazi wazi: “Mutoto iko muzima, ao munanificha?”

Akamutia pamba mudomoni, asubuhi na jioni, akachukua mate. Akasema ndani ya mate anatafuta kitu ya mwili inaitwa kortizoli, inaamsha mutu wakati wa hatari. Tansiyo ya mama ikipanda sana, damu haifike muzuri kwa mutoto, na ule mwili mudogo unaweza kujifunza hatari mbele ya kuzaliwa. Haiko watoto wote. Wengine wanatulia. Akaniambia bado wanatafuta, hata yeye hajui yote. Nilimupenda kwa kusema hajui.

Dawa waliyotupa ni kifua: ngozi kwa ngozi. Emerance akichoka, miye nafungua bluzi. Ananicheka, “Koko, utamunyonyesha nini?” Nikamujibu, “Joto! Weye lala.” Na mutoto alikuwa anatulia, kweli.

Lakini tangu simu ya Serge hatulii kwangu. Moyo yangu inapiga kwa woga juu yako, na yeye iko pale pale, anaisikia, anashituka. Jana nilimurudisha kwa mama yake. Miye ndiye namutisha, Elodie.

Ukimaliza kusoma, usipike, usifue. Nenda materinite, kule wanazalisha, leo leo, Serge akufikishe. Wakufunge ile kitambaa kwa mukono, wapime tansiyo, wapime na mukojo. Kama kichwa inauma ao macho inaona moto, usingoje ipite. Wakikuambia ulale kule, lala. Usiwabishie, ukaidi ulitoa kwangu, naujua.

Étienne, dereva anayekuletea hii barua, atarudi juma ijayo. Umupe karatasi yenye ile namba ya tansiyo. Hata ikiwa mbaya, iandike. Usinidanganye sababu ya uzee yangu.

Emerance anakubusu. Majirani wote wanauliza habari yako. Salimu Serge na mama mukwe wako Adèle. Yeye akupikie bila chumvi nyingi, asikasirike. Mungu aweke mukono wake juu ya tumbo yako, asiutoe mpaka mutoto alie.

Ninangoja hiyo karatasi ili niweze kumubeba Plamedi.

Wako akupendaye kwa nguvu na kwa woga,
Koko, nyanya yako