Mzee wa Mpwapwa Niliyeshindwa Kumtungua

Jumamosi, Ihumwa. Upepo tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye kibodi. Sina furaha, sina huzuni. Nipo tu.

Leo nimepewa nafasi kwenye kikosi, na siitaki.

Kikosi chenyewe ni cha mtandaoni, watu wa mikoa mbalimbali tunaorusha ndege za kivita kwenye gemu. Ilibaki nafasi moja ya mashindano, na tulioitaka ni wawili: mimi na mzee mmoja wa Mpwapwa, bwana mifugo mstaafu. Tukaambiwa tupigane, atakayebaki angani aichukue.

Nimejifua muda mrefu kwa mbinu moja. Adui akikata kona kali, usimfuate kwenye kona. Panda juu, mwache azunguke chini, kisha mshukie mgongoni. Mwanzoni nilikuwa napanda mpaka ndege inaishiwa nguvu na kuporomoka yenyewe. Aibu tupu.

Leo ilikubali. Tuliamkiana kwanza, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, tukaanza. Akakata kona, nikapanda, nikashuka, na huyo hapo mbele yangu, mkia wake umejaa kwenye shabaha. Kilichobaki ni kubonyeza.

Akakohoa. Kikohozi cha mzee hasa, nikakisikia kwenye hedifoni kama yuko hapa sebuleni.

Kidole kikagoma.

Jamani, mtu nimemwamkia sasa hivi, namchapaje risasi za mgongoni? Nikasita. Yeye akageuka, akanitungua.

Nilidhani atashangilia. Wapi! Akauliza, "Ulikuwa umeshanipata. Mbona hukupiga?"

"Nimekuheshimu, mzee."

Akasema, "Hapa nyumbani wote wananiheshimu. Wananiwekea kiti, wananiletea chai, wanaondoka. Huku kwenye gemu nilikuja kutafuta mtu wa kucheza naye."

Akasema nafasi haitaki tena, akatoka.

Kiongozi wa kikosi hakuchelewa, akaniandikia kwamba basi ni yangu. Nimemjibu asubiri. Nimeumia, bora niseme. Nilijiona mtu mwenye adabu, kumbe nimemnyima mzee wa watu kitu pekee alichokuja kutaka.

Nimemwandikia turudie kesho, akitoka kanisani. Amejibu neno moja: "Njoo."

Nakwenda. Nikimpata tena, nampiga, halafu nitulie nimsikilize anavyogomba.