Mistari Niliyoiruka Katika Barua Yako

Mpendwa ndugu yangu Saidi,

Barua hii naiandika peke yangu, hakuna anayenitajia maneno. Tangu uende jeshini, kila barua iliyotoka nyumba hii ya Likoni ilikuwa ya baba: yeye akisema, mimi nikiandika. Hii ni yangu. Ukiiona ina makali, jua ni ya wivu. Nautaja mwanzoni kabisa ili usisumbuke kuutafuta.

Nilianza kukuonea wivu wiki aliyotutoka mama. Ulikuwa na miaka minane, mimi kumi na mmoja. Nilitolewa shule nikaingizwa jikoni, wewe ukaachwa uendelee, na hakuna aliyeona ajabu. Kila nikimaliza kuosha masufuria nilikukalisha pale kwenye mkeka nikakusomesha hesabu na jiografia. Ulidhani ni mapenzi ya dada. Yalikuwepo mapenzi, sikatai, lakini zaidi nilivitaka vile vitabu. Ramani ya Afrika Mashariki niliijua kwa kidole kabla yako, na mpaka leo nina hakika ungeulizwa Mto Tana unamwaga maji wapi, ungetazama usoni kwangu kwanza.

Chuoni kwa Kurani nako ulikuwa ukitoroka kwenda kuogelea Mtongwe, ndiyo maana herufi za Kiarabu hazikukukaa. Mwalimu akija kulalamika, mimi ndiye niliyekusingizia homa. Ningejua yatakayokuja, wallahi ningekuchongea kwa baba ukachapwa mpaka ukazijua zote, maana baba alisoma hizo tu. Hizi za Kizungu unazoandikia wewe zilikuwa kwake mikwaruzo ya kuku.

Sasa nikukumbushe ile alasiri ya barazani, kwa sababu najua wewe unaikumbuka kwa namna yako.

Ilikuwa wakati ambao kila mtu alijua Mwingereza anafunga virago, na watu hawakuwa na mazungumzo mengine: Je, Mwambao uingie Kenya, au ubaki peke yake chini ya bendera nyekundu ya Sultani? Baba alikuwa wa bendera nyekundu, damu na nyama. Wakati wa vita kuu alikuwa akipokeza makombora kwenye ile mizinga ya Likoni, na tangu hapo aliamini kuwa pwani hii inaweza kulindwa na wanaume kumi na wawili wenye mikono mizuri. Siku mbili kabla, wewe ulikuwa umekalia mbuzi ukinikunia nazi, nami nikakwambia, "Hebu tazama, Saidi. Mizinga ya baba yote yaelekea baharini. Adui wa leo si lazima aje na meli. Ukanda wa maili kumi, nyuma wazi, reli yatoka bara, maji ya kunywa yatoka bara. Mwenye bara akifunga mfereji tu, siku tatu twasalimu amri. Hiyo si nchi, ni baraza isiyokuwa na nyumba."

Ulicheka. Ukasema, "Dada, ungekuwa mwanamume ungekuwa jemadari."

Alasiri ile nilikuwa nyuma ya mlango na sinia la kahawa mkononi. Nikakusikia ukiwaambia wazee wa watu maneno yangu, neno kwa neno, hata zile siku tatu hukuzibadilisha. Ukaongeza kuwa tunahitaji jeshi moja la nchi moja, na mapatano na majirani, Tanganyika na Uganda, la sivyo kila mtu atatukata kipande chake. Hilo nalo nilikuwa nimekwambia, juma lililotangulia, nikikunja nguo. Mmoja akasema, "Kijana huyu ana akili, jamani." Na baba, uso umemwiva kwa hasira, akauliza, "Nani aliyekufunza maneno haya?"

"Hapana mtu, baba. Nimefikiri mwenyewe."

Nilisimama na lile sinia mpaka kahawa ikapoa. Nilingoja utokeze kichwa mlangoni angalau unikonyeze. Hukuja.

Baba alikasirika kweli. Alisema mwanawe amemdhalilisha mbele ya watu, amegeuza nyumba yake kuwa ukumbi wa nyumba ya wengine. Lakini mimi niliyemwandalia chakula niliona jambo jingine: hasira yake ilikuwa na fahari ndani yake. Mtu hamkasirikii hivyo mpumbavu. Hasira ile ilikuwa yangu kwa haki, na fahari ile ilikuwa yangu kwa haki, na vyote viwili ulipewa wewe.

Ukaamua kwenda kuandikishwa jeshini. Waandikishaji walikuja Changamwe, na ikasemekana vijana wa pwani wanakataliwa kwa wembamba, wanapendwa wa bara. Mimi nikakupikia wiki mbili mfululizo, uji kwa tui asubuhi, ndizi mchana, na siku yenyewe nikakunywesha maji mpaka ukashindwa kuinama. Ukapita kwenye mizani kwa ratili moja. Ratili ile ni yangu, Saidi. Ulirudi umetuna kama kaimati, ukiimba njiani, nami nikakupigia vigelegele, kisha nikaingia chooni nikalia, kwa sababu mimi sikuwa na mizani ya kwenda kupandia.

Ulipoondoka hukumwomba baba radhi. Ulimpa mkono, naye akasema, "Haya," basi. Nyote wawili mlikuwa na shingo ngumu, na mimi katikati nimeshika furushi lako la visheti.

Barua zako zikaanza kuja. Baba alizifungua mwenyewe, akaitazama ile mikwaruzo yako kama mtu anayetazama mgeni, kisha akanipa. "Soma." Nilikuwa nikisoma mara ya kwanza kwa haraka, mara ya pili kwa utulivu, mara ya tatu aniambie nisome zile salamu tu. Akitoka hapo yuko msikitini: mwanangu yuko kambini, mwanangu alinda nchi. Siku hizo alikuwa hasemi tena nchi gani. Mimi nilikuwa nikimkanda miguu kila siku, na sikuwahi kusikia akimwambia mtu, binti yangu anikanda miguu.

Ndipo nikaanza kuruka mistari. Ulipoandika umepata tepe ya kwanza begani, mstari huo sikuusoma. Ulipoandika mkubwa wenu amekusifu kwa kuijua ramani, nilikaribia kuichana barua. Ilikuwa rahisi mno. Macho ya baba yalikuwa yakinitazama mdomo, na mdomo ni wangu.

Halafu ikaja ile ya kutoka Wajir. Unaijua. Ninayo hapa mbele yangu, na mistari yenyewe ni hii: "Watu wa huku wanataka kujitenga na Kenya, wajiunge na ndugu zao wa ng'ambo ya mpaka. Nimepewa bunduki niwazuie. Jana mzee mmoja ameniambia maneno yale yale aliyokuwa akiyasema baba barazani, kwamba wao walikuwepo kabla ya mpaka. Dada, mwambie baba sioni kama nilikosea, lakini sasa naelewa alichokuwa akikipigania. Niombee radhi kwake. Sitaki kufa huku bila radhi yake."

Nilisoma kimya. Baba akasema, "Mbona wanyamaza?"

Nikasema, "Hati yake mbaya." Nikasoma: anawasalimu wote, yuko salama, huko kuna joto na vumbi, mvua hakuna.

"Hana neno jengine?"

"Hana, baba."

Akaigeuzageuza ile bahasha magotini. "Kwangu mimi, hana neno?"

"Amekusalimu."

Ningeweza kukwambia nilitaka kumkinga baba na wasiwasi. Si kweli. Nilisema moyoni: leo Saidi naye aonje kusimama nyuma ya mlango. Ulikuwa na baba, ulikuwa na jeshi, ulikuwa na maneno yangu kinywani mwako, na sasa hata uchungu wako ulikuwa mkubwa kuliko wangu, uchungu wa mipaka ya nchi, wakati wangu ulikuwa wa jikoni. Nikaikunja barua nikaitia kwenye mkoba wangu wa nguo.

Miezi miwili baadaye baba akaanguka. Wewe ulinyimwa ruhusa kwa sababu ya fujo za huko, na baba akazikwa siku hiyo hiyo, kabla simu ya maandishi haijakufikia. Kisha ukaniletea mistari yako minne. Kwamba baba hakukujibu, kwamba umeelewa, kwamba hitima ya arobaini tusome wenyewe, na nyumba ya mtu aliyekufa akiwa hakutaki, huna la kuifuatia. Juzi tumepata Uhuru. Likoni nzima imetoka kushangilia, bendera ya mwambao wa baba imeshuka bila hata mzinga mmoja kulia, na nchi imekuwa moja kama tulivyosema. Nilikuwa na maneno mengi ya kusema juu ya mpaka ule ulipo wewe, maana kulinda nchi kwa kuwaelekezea bunduki wenyeji wake ni mizinga ya baba imegeuzwa tu upande. Nilitazama kushoto na kulia. Hapakuwa na wa kumwambia.

Kwa hiyo sikiliza, Saidi. Baba hakujua kama umeomba, kwa sababu sikumwambia. Lakini radhi yake aliitoa hata hivyo. Asubuhi ya siku ya mwisho nilikuwa nimemgeuza ubavu, nimembadilisha shuka, nimekaa namshika mkono. Akafungua macho, akasema wazi kabisa, "Mwandikie Saidi. Mwambie nimemridhia, duniani na akhera, kwa alilolifanya na atakalolifanya. Mwambie alisema kweli, nyuma palikuwa wazi."

Nikasema, "Abee, baba." Nikangoja. Mkono wake ulikuwa bado mkononi mwangu, nami nilijiinamisha karibu, nisije nikalikosa neno likitoka dogo.

Akaomba maji. Nikampa. Hakusema tena.

Radhi yako ni hiyo, sikuipunguza hata herufi moja. Njoo hitimani, inshallah. Yangu usiulize, kwani sikuachiwa.

Dada yako,
niliyekulea.