Mtoto Aliyesema Shelisheli

Mama yangu, shikamoo.

Meli ilitufikisha Jamaika salama, sisi walimu tulio kwenye kozi, na sasa tunazungushwa kutazama shule za msingi. Joto la huku ni lile lile la kwetu Kigombe.

Jana nilikuwa shule ya mlimani yenye chumba kimoja tu, madarasa yote pamoja. Mwalimu wao, Bi Inez, alinionyesha binti mdogo aitwaye Pearl, akaninong'oneza, "Tangu azikwe mama yake, huyu hajasema neno hapa."

Adhuhuri Bi Inez alileta tunda lililochomwa motoni mpaka ganda likawa jeusi. Alipolipasua tu, Kiingereza changu chote kikanipotea, nikapiga kelele kwa jina tunaloliita kwetu, "Shelisheli!"

Watoto wakaangua kicheko. Pearl naye akacheka, kisha akatamka polepole, "She-li-she-li." Wenzake wote wakamgeukia.

Akaniuliza, "Kwenu nani anakupikia?"

"Mama yangu. Hulipika kwa tui la nazi."

"Mama yangu alikuwa akilichoma," akasema. "Kipande cha kwanza ananipa mimi, kingali cha moto."

Akaendelea kutusimulia habari za mama yake. Wakati wa kengele ukapita. Bi Inez alikuwa ameishika mkononi, machozi yanamtoka, asiipige mpaka mtoto alipomaliza.

Nimekukumbuka mno, Mama. Msalimie Dada Mwanaidi. Mungu akuweke, inshallah nije nile jikoni kwako.

Mwanao,
Athumani