Usaili wa Saa Tatu

Jumanne

Kumbe shangazi alikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Usaili ulikuwa saa tatu asubuhi, kwa video. Kazi ya kuandika programu za kupangia watu miadi, tena ya kufanyia nyumbani. Nimeisubiri miezi mitano. Nilitegesha kengele ya simu, nikaketi dukani kwa shangazi, hatua chache kutoka mpakani, kwa sababu mtandao wa pale ni mzuri.

"Wewe mtoto, saa tatu imeshapita," akasema, akiitazama saa ya ukutani.

"Shangazi, hiyo betri yake imechoka. Simu inajirekebisha yenyewe."

"Simu yako imeshavuka Zambia, msomi. Sisi wa hapa tumeshazoea."

Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu ilinasa mnara wao, ikawafuata. Nilipoingia kwenye usaili, hapakuwa na mtu.

Nimewaandikia ukweli wote. Nimeusoma mara tatu. Hata mimi nisingeuamini.

Jioni wamejibu: nichague muda mwingine. Nimechagua Alhamisi, na nitafanyia Mlowo, mbali na mpaka, ambako simu haina nchi ya pili ya kuchagua.