Kagari ka Anti Namuli na Mguu wa Baba

Jumamosi, Busia. Mvua imenyesha alfajiri ikakatika, na sasa jua limewaka mpaka bati linalia. Nimekaa jikoni na viatu vyenye matope, sijui kama nicheke au nilie tena.

Wacha nianze na Baba.

Tangu sukari imharibie mguu wa kushoto wakaukata, Baba hajavuka geti. Mtu aliyebeba watu kwa baiskeli kwenye border hii tangu sijazaliwa, upande wa Kenya hadi upande wa Uganda na kurudi, jua, mvua, sasa anashinda sebuleni. Hata kanisani hataki. Wenzake wa zamani bado hukutana pale stendi, wanakaa kwenye benchi kubishana mambo ya siasa. Walipokuja kumwona, aliniambia niwaambie amelala. Amelala wapi, na macho ameyakodoa hivi!

Wiki nzima mimi niko Malaba kwenye kazi ya kupitisha mizigo, foleni ya malori haina mwisho, na kitu kimoja tu kinanitafuna: kwamba Baba ameamua kungojea kifo kwenye kile kiti. Nimeleta padri. Nimeleta marafiki. Nimeleta hasira pia, na haikusaidia.

Leo saa nne hivi nikasikia mlio wa gari getini, nikajua ni Anti Namuli.

Anti Namuli ni Mganda, si ndugu yetu wa damu; Baba humwita nyabo, yaani bibi kwa Kiganda. Kitambo alikuwa akivusha vitenge, na Baba ndiye aliyembeba yeye na mafurushi yake. Baba alikuwa na sifa moja stendi nzima: kuchomoka. Wengine walimshinda nguvu, lakini mguu ukigusa pedali, Baba ashaenda. Alikuwa ametoa kwenye baiskeli kila kitu kisicho na kazi, kengele, kifuniko cha cheni, hata chuma cha kuisimamishia, ikawa ya kuegemezwa ukutani. "Uzito ndio mwizi," alikuwa akisema.

Biashara ilipomkubali, Anti akanunua gari lake la kwanza. Badala ya gari la heshima la mama mwenye maduka, akachukua kagari ka michezo, viti viwili, paa la kukunja, taa zinazochomoza kama macho ya chura. Watu walimcheka mpaka Tororo. Yeye akasema kanamkumbusha baiskeli ya Baba, akakaleta Baba akapime.

Hapo ndipo mambo yao yalipoanzia. Walikuwa wakienda barabara ya Malaba, pale Alupe inaponyooka, wanasimama kwenye kalvati mpaka barabara iwe tupu. Baba anaanza kuimba wimbo wake wa kanisa, ubeti wa kwanza, na Anti anakanyaga mafuta. Mshale wa mwendo ukifika pale walipokubaliana, Anti anapiga kelele, na neno alilofikia Baba ndilo jibu. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yao.

Lile la kwanza lilimfikisha kwenye kiitikio. Injini ilikuwa ndogo, lakini Baba alisema linaondoka kwa moyo safi. Miaka ikapita, Anti akauza, akaja na toleo la pili la gari lilelile. Yale macho ya chura yalikuwa yameondolewa, injini imeongezwa nguvu kidogo, na kiitikio hakikuanza. Nilikuwa msichana wa sekondari, nimekaa kando ya mtaro nikiwangojea, na mpaka leo nikisikia wimbo ule kanisani mimi huangalia nje, barabarani.

Toleo la tatu lilikuwa pana, limenona, na injini kubwa. Liliyapita yote mawili, Baba akaishia katikati ya ubeti. Lakini alishuka amenuna.

"Inafika, ndiyo," akasema. "Lakini inakimbia kama mtu ameshiba ugali."

Anti alinuna pia. Hawa watu wawili, jamani! Wangebishana juu ya kale kagari mpaka chakula kipoe. Mama alikuwa hai wakati huo, anawapikia samaki, anawaambia nyinyi ni watoto wazee. Natamani Jumamosi moja tu ya zile, na Mama akiwa jikoni hapa nilipokaa.

Leo amekuja na toleo la nne. Waliolitengeneza wamelikondesha, limerudi karibu na wepesi wa lile la kwanza, na nguvu imeongezeka. Anti aliingia bila hata kupiga hodi.

"Mzee, nimeleta ya nne. Twende."

"Nyabo, mimi si mtu wa kwenda tena."

Anti hakubembeleza. Alisema tu ametoa kila kitu kwenye buti, hata mkoba wake ameuacha nyumbani, hajui apunguze nini kingine. Nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Baba akatazama suruali yake pale ilipokunjwa na kubanwa kwa pini.

"Mimi pia nimepunguza," akasema. "Leo tukishindwa, ni wewe hujui kuendesha."

Nilimwaga chai.

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuutaja ule mguu katika nyumba hii. Tulikuwa tunauzunguka tu, mimi na yeye, kila siku ya Mungu. Anti alicheka mpaka akashika ukuta, Baba akacheka, na mimi nikakimbilia jikoni kulia vizuri.

Baba alidai shati jeupe. Nikalipiga pasi, tukamsaidia kuingia, wakaenda. Nikabaki getini, maana viti ni viwili.

Muda wa kwenda Alupe na kurudi naujua. Ukapita, ukapita tena. Simu ya Anti inaita tu. Nikaanza kuona mabaya: wamepinduka, sukari imeshuka, ni mimi niliyemwachilia. Nikasimamisha boda boda, nikamwambia Alupe, boss, haraka. Kwenye kalvati hawakuwepo. Mama mmoja anayechoma mahindi akasema wamepita zamani wakirudi mjini, mzee anacheka kama amelewa.

Niliwapata stendi. Kagari kalikotengenezwa kuruka kalikuwa kanatambaa taratibu kuliko mkokoteni, paa limekunjwa, lori nyuma yao linapiga honi kwa hasira. Wazee wote wa benchi wamesimama. Baba ameketi wima, mkono nje, anawasalimia mmoja mmoja kwa jina. Nikasikia anamwambia Anti:

"Polepole, nyabo. Zunguka tena. Yule Okumu hajaniona vizuri."

Baadaye niliwauliza ubeti uliishia wapi. Wakatazamana. Baba alisahau kuimba, alipiga tu mayowe. Kwa hivyo hatujui kama la nne limelishinda la tatu. Anti anaapa limeshinda. Mimi hata sijali.

Anti ashavuka kurudi kwake. Baba ametangaza kwamba Jumatatu anataka kufika kwenye benchi asubuhi, kabla Okumu hajachukua ile nafasi ya kivulini. Na Jumatatu asubuhi mimi natakiwa Malaba.

Malori yatangoja.