Mwenye Redio ya Mvua

Jumatatu, 14 Aprili

Leo nimepewa redio. Mimi, Kivuva wa Kayole! Injinia Maurine mwenyewe amenikabidhi mbele ya vijana wote. Akasema mzee, kazi yako ni kuangalia mawingu tu. Tunamwaga konkriti pale ndege zitapaki, na ikinyeshewa kabla haijashika imeharibika. Nikiona mvua nabonyeza, nasema, Jackton na vijana wake wanavuta turubai. Injinia ana simu ya kumwambia mvua ni saa ngapi. Mimi nina goti.

Kathini mke wangu nimemweleza mara tatu. Mara ya tatu akauliza kama hiyo redio inashika stesheni ya Kikamba.

Jumanne, 15 Aprili

Goti liliuma asubuhi. Nikasema mvua, wakafunika. Jua likawaka mpaka jioni! Kazi ikalala. Injinia akauliza, Mzee Kivuva, mvua yako iko wapi? Nikamwambia imenyesha Ruai. Lazima ilinyesha mahali. Goti halitaji mtaa.

Alhamisi, 17 Aprili

Mambo yameharibika. Na si makosa yangu — wacha niandike vile ilikuwa.

Vijana wamechanga mbuzi wa Pasaka, mwenzao Issack anamleta kutoka soko la mbuzi la Kiamaiko. Tangu asubuhi hakuna hadithi ingine. Simu ya injinia ilikuwa imesema mvua saa tisa. Mimi nikabisha, goti liko kimya. Mara wingu likatoka upande wa Athi River, jeusi, linakimbia. Nikashtuka. Nikabonyeza redio, Kiswahili chote kikatoroka. Nikapiga kelele, “Mbua! Mbua imefika!”

Kwetu Ukambani hiyo ni mvua. Jackton ni mtu wa Vihiga. Yeye alisikia mbuzi.

Wakakimbia wote — getini! Konkriti iko uchi, wao wako getini wanauliza mbuzi yuko wapi, na matone yanawapiga kichwani. Nikavuta turubai peke yangu. Kona moja nimeiokoa, na umri huu wangu! Kwingine kote kumetoboka kama uso wa mtu wa tetekuwanga.

Injinia alipoelezwa alitaka kukasirika, akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akapangusa macho. Hicho kipande kitavunjwa, akasema. Kingine kikinyeshewa, mzee wangu, redio inaenda kwa Jackton. Hapo hakuwa anacheka.

Mbuzi alifika jioni. Mkavu kabisa.

Jumamosi, 19 Aprili

Tumekula! Jackton amechoma vizuri, ingawa mimi huchoma vizuri zaidi. Kila nikipita vijana wananililia meee. Jackton akanikatia ubavu wa kwanza, akasema, “Shika mzee, onja mvua.” Nimecheka mpaka nikapaliwa. Siku njema, sikatai. Lakini nimekula redio ikiwa kifuani. Sikuivua.

Nyumbani Kathini akanifundisha. Sema mvua. Nikasema mvua. Akasema si hivyo, sema ukiwa umeshtuka. Akanimwagia kikombe cha maji baridi mgongoni.

Nikasema mbua.

Jumanne, 22 Aprili

Leo ni kile kipande kikubwa. Kimemwagwa asubuhi, kimelala laini kama uji. Vijana wako kwa ugali, mimi niko kibandani na mawingu yangu. Injinia amepita, ameangalia simu, ameangalia juu, ameenda zake.

Jackton naye amekuja. Akaniambia pole pole, wengine wasisikie, “Mzee, hata ukisema mbua leo tutafunika. Nimewaambia.” Kijana mzuri. Nimemkatalia! Nikamwambia mimi nitasema mvua kama watu wote, na wakisikia mbuzi wakae hapo hapo wakila ugali wao. Akacheka, akaenda. Sijui amenielewa vipi.

Giza kidogo. Upepo umegeuka. Goti — kimya, hili jinga.

Tone moja kwa mabati.

Kalamu mkono huu, redio mkono huu. Mvua. Mvua. Mvua. Ona, nimeandika sawa mara tatu. Sasa kusema —